Nimelifua Shuka la Mama Mkwe kwa Maji ya Mwisho

Mpendwa mshauri,

Msaada ninaouomba utauona mdogo, na pengine utacheka kabla hujafika katikati ya barua, lakini ukishacheka nakusihi uendelee kusoma, maana mimi ni mtu mzima wa miaka sabini na minne, kazi yangu ilikuwa kusahihisha chapa katika kiwanda cha uchapaji, nimesoma maandishi ya watu kwa jicho la kutafuta makosa tangu ujana hadi nilipostaafu, na sasa nimefanya kosa ambalo sijui kulisahihisha, na niliyemkosea ni mke wangu, naye bado hajui.

Mke wangu aliteleza kwenye ngazi zilizokuwa zimepigwa deki, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, akafungwa plasta, na binti yetu akamchukua kwake kwa sababu zahanati iko karibu na nyumba yake. Huu ni mwezi wa pili. Nimebaki peke yangu katika vyumba viwili na ua wenye bomba na kamba ya nguo. Siku ya kuondoka alinionyesha kwa mkono mzima sabuni ya unga ilipo, beseni kubwa, beseni dogo na vibanio, akaniuliza, "Utaweza?" nami nikamjibu, "Kufua tu?" Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, kufua tu," akapanda gari.

Wiki ya kwanza nilichemsha maji nikayamimina juu ya sweta langu la sufu, nikiamini kwamba moto ndio unaotoa uchafu, na sweta likatoka saizi ya mtoto wa miaka mitano, zito na gumu kama zulia. Wiki ya pili nilimwaga sabuni hadi mapovu yakafika magotini, nikafurahi, nikasuuza mara moja, na kwa siku tatu nikajikuna shingo na mgongo nikidhani nimepata ugonjwa wa ngozi. Hayo yalikuwa makosa ya kuchekesha na niliyacheka peke yangu. Ninalotaka kukueleza halichekeshi.

Tunalo shuka moja la pamba, jeupe, ambalo pindo lake lote limeshonwa kwa mkono kwa uzi wa buluu, na aliyelishona ni mama mkwe wangu, miaka mingi kabla hatujatoka kwetu. Tulipotoka, miaka thelathini na mitatu iliyopita, tulitoka kwa mguu na kwa haraka, kila mtu na anachoweza kubeba, na mke wangu alifunga nguo za watoto ndani ya shuka hilo na kulibeba kichwani. Mama yake alibaki, na hatukumwona tena, na hapakubaki picha yake wala barua yake, kwa hiyo ukitaka kujua mkono wa yule mama ulikuwaje, inabidi usome pindo lile. Shuka hilo halitandikwi. Linakaa ndani ya furushi nyuma ya mlango wa chumba chetu, pamoja na vyeti vyetu na nguo za kubadilisha mara moja, kwa sababu sisi, hata baada ya miaka yote hii ya kulala salama, bado tunaweka furushi nyuma ya mlango. Kila baada ya miezi michache mke wangu hulitoa, hulifua, hulirudisha. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi sana, na sasa najua kwamba nilikuwa naangalia tu.

Mwezi uliopita alinipigia simu.

"Mzee, lile shuka la mama litoe kwenye furushi, lipate hewa. Mkono huu ukifunguliwa, kitu cha kwanza nataka kushika ni hicho."

Nami, mshauri, nikaona kupunga hewa hakutoshi, nikaamua nimfulie kabisa, iwe zawadi.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu kosa hili sidhani kama mtu aliyekulia kwenye bomba lake mwenyewe anaweza kulifanya. Miaka ile ya mwanzo, tulipokuwa tukiishi kwenye mahema, maji yalikuwa ndoo moja kwa familia, na mke wangu alifulia nguo zetu zote kwa maji yale yale ya beseni moja. Hilo lilinikaa kichwani: maji mamoja, nguo zote. Mpaka leo, na bomba liko hatua nne kutoka mlangoni, siwezi kumwaga maji yenye sabuni ambayo bado yana povu, mkono unakataa. Kwa hiyo nikajaza beseni, na kwa kuwa kiwandani tulizoea kuanza na mswada mgumu asubuhi macho yakiwa mapya, na ule mwepesi tukauacha mwisho, nikaanza na suruali nilizolimia bustani, nikafuata na vitambaa vya jikoni, soksi, shati la rangi ya damu ya mzee, na mwisho kabisa, kama mtu anayejiwekea kitu kitamu, nikachukua shuka la mama mkwe nikalitia ndani ya maji hayo.

Lilitoka la kijivu. Nikajiambia ni kwa sababu limelowa, likikauka litang'aa. Nikalianika saa nne. Saa kumi jioni wingu likatanda, nami nikaondoa kila kitu kambani kwa haraka, maana sisi hatuachi vitu vyetu nje giza linapokaribia, sijui kama utanielewa, ni tabia iliyoingia mwilini, jioni kila chako kiwe kimekunjwa na kiko karibu nawe. Katikati palikuwa pamekauka. Pindo, pale kitambaa kinapokunjwa mara mbili na uzi ni mzito, palikuwa bado na ubaridi. Nikaona ni kidogo tu. Nikalikunja vizuri sana, kona kwa kona, nikalifunga kwenye furushi, nikakaza.

Nililifungua siku ya tisa. Harufu ilitangulia. Halafu nikaona vitone vyeusi kandokando ya pindo, vidogo, vingi, kama nukta zilizomwagika kutoka kwenye sanduku la herufi.

Nikamwita jirani yangu, fundi cherehani, mwanamke mcheshi asiyemwonea haya mtu. Akalishika kwa vidole viwili.

"Mzee, hii ni kuvu. Umelifunga bichi."

"Lilikuwa bichi pembeni tu."

"Na kuvu iko wapi?"

"Pembeni."

"Basi mmeelewana."

Akaniambia nichemshe maji, nitie dawa kali ya kung'arishia nguo nyeupe, chupa nzima, nipige pasi, na ikishindikana nimwambie mke wangu kwamba ni panya. Nikamwambia panya hawaachi nukta. Akasema, "Wewe ndiye uliyesoma, tunga." Pasi niliiwasha. Nilikaa nayo mkononi juu ya lile shuka mpaka ikaanza kunukia chuma cha moto, halafu nikaizima, sijui kwa nini, niliogopa tu.

Jioni hiyo mke wangu akapiga.

"Umefua?"

"Nimefua."

"Za rangi ulitenga?"

"Nilitenga."

"Shuka la mama?"

"Lipo."

"Mbona unajibu haraka haraka hivyo?"

Nikamwambia nina maji jikoni. Simu hiyo ndiyo ya kwanza niliyomdanganya kwa miaka mingi, na tangu hapo namwongezea uongo mmoja kila anapopiga.

Lakini kuna jambo jingine, mshauri, na huenda ndilo hasa lililonifanya niandike. Tangu siku ile nimeanza kukumbuka. Nimemkumbuka akiwa amechuchumaa mbele ya beseni lile moja, na sasa naona kile ambacho sikukiona: alikuwa na mpangilio. Nyeupe zilitangulia, maji yakiwa bado maji. Zikafuata za mtoto mchanga, kisha za rangi hafifu, kisha za rangi nzito, kisha suruali zangu, kisha matambara, na maji yaliyobaki yakamwagwa kwenye vumbi mbele ya hema ili lisiingie ndani. Ndoo moja ilipita kwenye maisha yetu yote kwa utaratibu, na haikupotea hata kikombe. Namkumbuka akigeuza shati nje ndani kabla ya kulianika ili jua lisile rangi. Namkumbuka akichukua pindo la nguo kambani na kuligusisha shavuni, na mimi kila mara nilidhani ni mapenzi ya nguo. Alikuwa anapima unyevu, kwa sababu vidole vilivyotoka majini havijui tena kipi kikavu. Katika vumbi lile, kati ya maelfu ya watu wasio na anwani, mashuka yetu yalikuwa meupe, na watu walitutambua kwa mashuka hayo, na mimi niliona ni jambo la kawaida, kama mtu anavyoona asubuhi kumekucha.

Juzi nikaanza kusoma vile vitambaa vidogo vinavyoshonwa kwenye ukosi wa nguo. Kuna picha ya beseni lenye mkono ndani yake, pembetatu iliyopigwa mkato, pasi yenye nukta moja, pasi yenye nukta mbili. Ni maandishi kamili, yana kanuni zake, na mimi niliyelipwa maisha yangu yote kwa kusoma nimeyavaa shingoni bila kuyasoma. Mke wangu aliishia darasa la tano. Nimekaa miaka arobaini na moja nyumba moja na msomi, nikamwita mke anayefua.

Plasta inatolewa mwisho wa mwezi huu, na siku hiyo hiyo anarudi. Je, shuka linaokoka? Na kama haliokoki, nimwambie nini, nimwambie lini, au nimwache alione mwenyewe? Nakuomba usinitaje.

Wako,
Msahihishaji mstaafu

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu msahihishaji,

Nimecheka, kwa kuwa uliniruhusu, na kwenye sweta nilicheka zaidi. Nilipofika kwenye pindo niliacha. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote wiki hii, kwa sababu wenye matatizo ya mapenzi wanaweza kungoja, kuvu haingoji.

Kuhusu kufua mimi si mjuzi, kwa hiyo nilimpelekea barua yako dobi wa mtaani kwetu, mama aliyefua mashuka ya hoteli kwa miaka ishirini na sita. Nilimsomea huku akipiga pasi.

"Alianza na suruali za bustani?" akauliza.

"Alianza na suruali."

"Shuka jeupe likafuata nini?"

"Likafuata kila kitu."

"Huyu mzee tumsamehe, ila beseni tumnyang'anye. Na akalifunga bichi?"

"Siku tisa."

Akaiweka pasi kando. "Sasa nijibu vizuri. Je, pasi imepita juu ya zile alama?"

"Aliiwasha, akaizima."

Alivuta pumzi kama mtu aliyeambiwa mgonjwa amefungua macho. "Basi shuka bado lipo. Moto ungeyafunga yale madoa humo ndani, na hakuna mtu angeyatoa tena. Mwambie aliyeogopa ndiye aliyeliokoa."

Hilo nilitaka ulisikie kwanza. Mengine ni haya, na uyafuate kama yalivyo, usiongeze ubunifu wa kiwandani.

Shuka lisilowe leo. Litoe nje, mbali na nguo nyingine, lianike juani mpaka likauke lote, kisha chukua brashi laini upanguse zile nukta zikiwa kavu, kwa mkono mwepesi, ukielekea nje ya kitambaa. Ukilisugua likiwa limelowa utaipeleka kuvu ndani zaidi. Halafu ujue habari za ule uzi wa buluu: lowesha kona moja ndogo, bandika kitambaa cheupe juu yake, kandamiza, kisha ukitazame. Kikitoka na buluu, simama hapo hapo, usiendelee mpaka umepata maelekezo mengine, na nitakwambia hapa chini utayapata kwa nani. Kikitoka cheupe, loweka shuka peke yake, narudia, peke yake, katika maji safi ya baridi yenye sabuni kidogo. Yakigeuka kijivu, mwaga. Ndiyo, mwaga, na kama mkono utakataa, basi mwagilia hiyo bustani, usiyahesabu kama yamepotea. Jaza mengine. Endelea mpaka uone chini ya beseni. Madoa yatakayobaki yapake maji ya limau na chumvi, bila kuugusa uzi, liweke shuka juani asubuhi nzima, kisha suuza mpaka usisikie harufu ya limau. Ikibidi, rudia kesho kutwa. Dobi wangu anasema usimwamini anayekuahidi kwamba madoa yote yatatoka kwa siku moja. Mengine yatapauka tu, na yatakaa.

Ile dawa kali ya fundi cherehani, kama umeshainunua, irudishe dukani. Chupa nzima ingekula uzi wa mama mkwe kabla ya kula kuvu, na wewe kwa umri wako, umeinamia beseni katika ua mdogo, ungekohoa wiki nzima. Na isije hata siku moja ikachanganywa na limau wala siki wala dawa nyingine ya usafi, maana moshi wake ni sumu. Fundi ni jirani mwema na ninampenda bila kumjua, lakini ushauri wake mmoja unaua nguo na mwingine unaua ndoa.

Tuje sasa kwenye huo wa panya. Mzee wangu, hapa nitakugombeza kidogo, unisamehe. Shuka umeliharibu kwa kutojua, na hilo halina lawama kubwa. Lakini "nilitenga" ulisema ukijua. Mke wako aliulizia shuka, akakuuliza na kwa nini unajibu haraka, kwa hiyo kuna kitu ameshakihisi, na kila siku anakaa kwa binti yake na mkono kwenye plasta akijaribu kukibahatisha. Huenda anafikiri umeugua. Huenda anafikiri umelipoteza kabisa. Ukimya wako unamtesa kuliko nukta zile zitakavyomtesa. Na ule mpango wa kumwacha alione mwenyewe, siku ile ile mkono unapofunguliwa, uutoe kichwani leo hii. Huo ndio ukatili pekee niliouona katika barua yako yote, na nadhani uliuandika bila kuusoma tena.

Uliniomba nisikutaje. Jina sikulijua, kwa hiyo sijalitaja. Lakini mzee aliyesahihisha chapa, mke aliyevunjika mkono kwa ngazi, shuka la pindo la buluu: nani nyumbani kwa binti yako atakayesoma safu hii asiwatambue? Ningeweza kubadilisha hayo. Sikubadilisha, makusudi. Basi ujue una muda gani: ni mpaka gazeti hili lifike kwa binti yako.

Kuna kitu kingine kinanishangaza. Ukurasa mzima umemsifu mke wako kwangu mimi, mgeni, na umemsifu kwa maneno ambayo nilimsomea dobi akaniomba niyarudie, yale ya ndoo iliyopita kwenye maisha yenu yote. Miaka ishirini na sita ya mashuka ya hoteli, na hajawahi kumsikia mtu akisema hivyo juu ya kazi yake. Aliisahau pasi mpaka ikapoa. Nikuulize: mwenyewe ameyasikia? Unayo orodha ya mambo uliyoyaona ukiwa umechelewa, mpangilio wa nguo, shati lililogeuzwa, pindo shavuni. Usiniachie mimi. Mimi hakunifulia nguo.

Furushi la nyuma ya mlango sitakuambia ulifungue. Sijawahi kutoka kwetu kwa mguu na kwa haraka, na asiyewahi hana haki ya kumwambia mwenzake lini aache kujiandaa. Ila kinachoingia humo kiwe kikavu hadi kwenye mshono. Kama jioni inakufikia na pindo bado lina ubaridi, tundika nguo ndani ya chumba, juu ya kiti, juu ya mlango, mahali utakapoiona ukilala. Itakuwa karibu nawe vile vile.

Sasa fanya hivi. Kabla hujaweka hata tone la maji, piga simu. Usianze kwa kuuliza mkono unaendeleaje, maana utapata pa kujificha. Sema: nimelifua shuka la mama kwa maji ya mwisho, nikalifunga bichi, limeota kuvu pembeni, uzi haujakatika, sikupiga pasi, na kwenye simu nimekuwa nikikudanganya. Kisha nyamaza. Atakugombeza, nawe utamwacha amalize. Ukimpigia wiki ijayo utakuwa unampa habari ya shuka lililopona au shuka lililokufa, na vyovyote vile hatakuwa na la kufanya. Leo bado lina njia ya kupona, na anayeijua njia hiyo kuliko dobi wangu ni yeye, na ulimi wake hauna plasta.

Akishamaliza kukugombeza atauliza: maji uliyonayo ni ya baridi? Madoa yako upande gani wa mshono? Limekauka? Mjibu kila swali kama lilivyo, na ukiwa hujui sema hujui, nenda ukaangalie, urudi. Halafu iweke simu wazi juu ya stuli karibu na bomba, kunja mikono ya shati, na ufanye atakavyokuambia, hatua kwa hatua, hata pale atakapopingana na mimi na dobi wangu. Hapo hasa ndipo umfuate yeye.